Nusu ya Wekulo

Jumatano, 2 Novemba 1977

Mwalimu wa ngumbaru, lile darasa la watu wazima, alisema, mzee asiyeandika kila siku herufi zinamtoroka. Zangu hazitoroki. Lakini naandika.

Shitanda amekuja leo, yule karani wa kanisa la akina Wekulo. Amesimama mlangoni na mwavuli, hakutaka kuingia, pengine aliogopa suruali yake ishike grisi. Amesema Jumapili ya tarehe kumi na tatu ni maombi ya kumkumbuka Wekulo, mwenzangu wa kazi. Wana kanda ya kwaya, Wekulo akiimba mbele, na wanataka iende kwa amplifaya yao mpaka nje, watu wasikie. Halafu akasema lingine. Mwaka huu mzima hiyo amplifaya imekuwa ikipasua sauti. Ikipasua tena Jumapili hiyo, kamati inanunua ya transista mjini, na hii inaenda Gikomba kuuzwa chuma chakavu kwa kilo.

Akasema, "Mzee Matheka, dunia sasa iko transista. Valvu ni ya kuchemsha chai."

Nimemwambia aende akachemshe chai yake. Mimi ndiye fundi wa kwanza wa amplifaya Kaloleni hii. Uliza mtu yeyote kutoka hapa mpaka Makongeni. Besi yangu inatingisha sufuria kwa kabati! Hakuna Mhindi wala Mzungu amewahi kunionyesha kazi. Ugonjwa niliujua zamani. Transfoma ya kutoa sauti, ile ya kiwandani, ilikuwa imeungua nusu. Ndiyo tulikuwa tunaisuka upya mimi na Wekulo alipougua tumbo. Bobini ya kuzungushia waya iko hapa mezani. Wekulo ametia nusu ya kwanza ya waya, ile ya ndani kabisa. Katikati nitaweka waya mnene wa spika. Nusu ya mwisho, ya juu, ni yangu. Kama mkate na siagi kati. Ndiyo siri ya sauti safi, na wengi hawaijui.

Tulimzika kwao mwezi uliopita. Nyumbani kwao mvua ilikuwa kubwa. Hapa bado.

Alhamisi, 3 Novemba

Kazi imeisha. Siku moja!

Nimeweka waya mnene. Nimefunika na karatasi ya mafuta. Halafu nusu yangu. Zamani ilikuwa hivi: mimi kwenye hendeli ya kuzungushia bobini, Wekulo anashika waya na kitambaa usilegee, na anaimba. Wimbo ndio hesabu yetu. Pigo moja, mzunguko mmoja. Wimbo ukiisha, nusu imeisha, kata waya. Nusu ya pili anaimba tena vilevile. Miaka yote hatujaandika namba hata moja ukutani. Wengine wanahesabu kwa vidole, muuza mandazi akipita wanakosea.

Leo nimeufunga waya kwa gurudumu zito la cherehani ili ukaze, nikaimba mwenyewe. Wimbo ni uleule, uko hata kwa kitabu cha kanisa letu, kwa Kikamba. Yeye alikuwa akiimba kwa Kibukusu, mimi nilikuwa nasikia tuni tu, lakini tuni ni tuni. Nikaimba aya zote mpaka mwisho. Nikakata.

Wekulo alikuwa akiniambia, Mkamba, wewe bila mimi huwezi kujaza hata kijiti cha uzi. Ona sasa.

Bobini imekuwa nyembamba kidogo kuliko zile zetu. Nzuri. Waya umebaki.

Jumamosi, 5 Novemba

Inapasua.

Nimeiwasha asubuhi na kanda ile ya kwaya. Wanawake wakiwa peke yao ni sawa. Ngoma ikiingia na wanaume wa sauti ya chini, sauti inachanika kama shuka kuukuu. Nimebadilisha valvu. Inachanika. Nimelaumu waya, ule ninaouziwa na kijana wa kiwanda cha Baba Dogo, nikaukwaruza, kopa safi kabisa. Nimelaumu spika. Nimeweka spika nyingine. Inachanika!

Ikabidi nifikiri. Valvu mbili kwa amplifaya ya namna hii ni kama watu wawili wa msumeno wa kupasua magogo. Huyu akivuta, huyu anaachilia. Wakiwa sawa, mbao inatoka laini. Mmoja akiwa na nguvu kupita mwenzake, msumeno unayumba, mbao inachanika. Na nguvu yao inapita kwa zile nusu mbili za waya. Nusu lazima zilingane.

Nikachukua balbu mbili za tochi. Moja kwa nusu ya Wekulo, moja kwa nusu yangu, nikapitisha moto mdogo wa umeme kwa ule waya mnene wa katikati. Ya kwangu ikawa hafifu. Yake ikang'aa.

Basi! Ugonjwa ni wake. Amezidisha. Nimesema kwa sauti kubwa hapa ndani, "Wekulo, umezidisha," na hakuna wa kunibishia. Amezidisha kiasi gani? Balbu inakuambia kuna ugonjwa, haikuambii dozi.

Mama Apondi wa nyumba ya pili akagonga ukuta, mtoto wake amelala. Nikatoa spika. Amplifaya ya valvu haikimbizwi bila mzigo, inajiua, kwa hiyo nikaweka waya wa jiko la umeme mahali pa spika. Kimya. Hapo nikasogea kuangalia rangi ya valvu.

Transfoma inaimba.

Spika haipo. Iko chini ya meza, nimeigusa kwa mguu. Na chuma kinaimba, kidogo, kama mtu aliye nyumba ya tatu. Wekulo. Na haipasuki.

Mimi si mtoto. Najua sababu. Vibati vya chuma havijakazwa, na bado sijaichovya kwa nta, kwa hiyo vinatetemeka na sauti. Kila fundi anajua. Nikakaza boliti zote nne mpaka spana ikateleza ikanichubua.

Ikaimba zaidi.

Jumapili, 6 Novemba

Sikwenda kanisani. Goti.

Nimejaribu tena mchana, jua likiwa limewaka, watoto wanacheza nje. Nikaweka sikio karibu. Kanda ikafika mwisho, mashine ikafunga yenyewe — tak. Nilisikia hiyo tak. Chuma kikaendelea kuimba. Tuni ileile. Kikamaliza aya, kikaanza nyingine.

Kapasita zinabaki na moto kidogo. Ni hiyo.

Nimechomoa plagi. Nimeifunika na gunia.

Jumatatu, 7 Novemba

Nimeamua. Navunja yote, natoa nusu yake, naanza upya kutoka chini. Mtu aliyekosea ni yeye.

Lakini sikupenda kufanya kwa mlango wa nyuma. Nimekwenda Shauri Moyo kwa Nakhumicha, mjane wake. Nimemkuta ameketi nje anachambua mboga, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Amenipa kiti. Amenipa uji. Nikamweleza kwamba marehemu alikosea hesabu na nitatoa kazi yake niweke yangu.

Akaacha mboga. Akasema kwao vitu vya marehemu haviguswi mpaka ndugu wakae wavigawe, na ndugu watakaa Desemba. Hata jembe lake liko vile alivyoliacha, limeegemea ukuta. Nikamwambia hii si jembe, ni waya, na waya ni wa kanisa. Akasema waya ni wa kanisa, lakini kuzungusha ni kazi ya nani? Nikamwambia hendeli niliizungusha mimi! Akasema, na aliyekuambia simama ni nani?

Huyu mama hashindwi na neno. Nikamwambia hata sisi Wakamba tuna mila, lakini mila haitengenezi redio. Halafu akaniuliza, pole pole, "Shemeji, hiyo nusu yako uliizungusha na wimbo gani?"

Nikasema uleule. Akasema imba. Nikaona aibu, majirani wako, lakini nikaimba, na mimi sauti yangu ni nzuri. Nikafika mwisho.

Akacheka. Toka mazishi sijamwona akicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya leso, halafu sikujua tena kama anacheka.

"Shemeji, hiyo umeimba ya kitabu."

Nikamuuliza kwani kuna nyingine. Akasema Wekulo akifika mwisho wa kitabu hakuwa akiacha. Alikuwa anaingiza watu wake. Kila aliyekufa ana aya yake, kwamba fulani naye amevuka, tungoje ng'ambo. Alianza na Nangila, binti yao wa kwanza, surua. Halafu baba yake. Halafu Masinde ndugu yake aliyegongwa na lori. Halafu mapacha wao. Mwisho mama yake mzee, mwaka jana. Kila mwaka wimbo unarefuka.

Nikamwambia haiwezekani. Ningejua.

Akasema, "Ungejuaje? Ulikuwa unamwita kasuku."

Ni kweli nilikuwa namwita hivyo. Nilidhani anarudia kiitikio kwa sababu anapenda sauti yake.

Jumatano, 9 Novemba

Jana sikuandika. Nilikuwa na hasira.

Nimetoa transfoma zetu za zamani chini ya kitanda, zile mbovu ambazo zilirudi kwa radi au panya. Nimezipanga mezani kwa kufuata miaka. Ya kwanza kabisa, ya baa ya Muthurwa, ni nyembamba. Inayofuata imenenepa. Inayofuata imenenepa. Nilikuwa naliona hilo. Nilikuwa nalaumu waya, kwamba siku hizi rangi yake ya kukinga ni nene. Nilimgombeza hata muuzaji!

Na besi. Waya ukizidi pande zote mbili kwa usawa, sauti ya chini inapata nguvu. Kila mwaka watu wakasema, Mzee Matheka, besi yako ya mwaka huu ni kali kupita ya jana. Nikasema ni mkono. Nikasema kwa baa, nikasema harusini, nikamwambia hata padri mmoja. Mkono wangu!

Ni surua ya Nangila. Ni lori la Masinde. Watu walikuwa wanacheza dansi juu ya watoto wa Wekulo, na mimi nachukua sifa.

Yeye alikuwa amesimama hapohapo na kitambaa chake.

Shitanda alipita jioni, jua bado lipo. Hakuuliza hali yangu. Alitaka kusikia. Nikamwambia haijawa tayari. Akauliza kama itakuwa tayari karne hii. Akasema kamati imeshatazama moja ya transista dirishani, inang'aa, haina joto, mtoto anaibeba kwa mkono mmoja. Nikamwambia hata jeneza la mtoto linabebwa kwa mkono mmoja. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akaondoka bila kuaga. Atakuja kuichukua Jumamosi mchana, ikiwa imepona au haijapona.

Gunia bado liko juu yake. Haijawashwa tangu Jumapili. Nikikaa upande wa dirisha ni sawa. Nikikaa upande wa kitanda naisikia.

Alhamisi, 10 Novemba

Mvua tangu asubuhi.

Nimetoa vibati kimoja kimoja. Halafu nimefungua nusu ya juu. Yangu. Ya Wekulo sikuigusa, iko ndani imelala na karatasi yake.

Mimi sijawahi kufungua kazi yangu mwenyewe. Wafungue wengine! Waya umejaa sakafuni mpaka mlangoni, kama nywele baada ya kunyolewa. Nimekaa kwa kiti nikiutazama. Hakuna aliyenishika mkono nikaufungua. Niandike hivyo ijulikane.

Nimemtuma Mama Apondi, anayepita Shauri Moyo akienda sokoni, amwambie Nakhumicha kwamba nahitaji mtu anayeujua wimbo. Nimesema nahitaji. Asiseme nimeomba.

Ijumaa, 11 Novemba

Nakhumicha amekuja mchana na kikapu, hajapumzika tangu soko. Ameangalia chumba chote, hata ukuta ule wenye alama ya mgongo wa Wekulo, alipokuwa akiegemea. Amesema tu chumba hiki kinanuka wazee.

Nikamwonyesha kushika waya, kitambaa katikati ya vidole, usibane, usiachie. Akaniambia nisimfundishe, yeye amesokota kamba tangu akiwa msichana. Nikamwambia kamba si kopa. Akasema, "Zungusha, Mkamba."

Nikashtuka. Aliniita vile alivyokuwa akiniita Wekulo.

Akaanza. Sauti yake si ya kwaya, ni ya jikoni, lakini pigo lake limesimama kama ukuta. Nikazungusha. Karatasi. Nikazungusha. Tulipofika mwisho wa kitabu mkono wangu ulitaka kusimama wenyewe, ukajua hapana, ukaendelea. Hapo ndipo nilisikia majina. Miaka yote yalikuwa yanapita sikioni mwangu kama magari. Nangila. Nilimjua Nangila! Alikuwa akituletea uji hapa kwa mkebe, anauliza kwa nini valvu zina moto ndani na haziungui. Nilienda kwa mazishi yake, nikala, nikarudi, na kesho yake tukasuka transfoma, na Wekulo akaimba, na mimi nikamwambia leo kasuku umeamka vizuri.

Baba yake. Masinde. Mapacha, aya moja kwa wawili, hawakupewa majina ya kanisani. Mama yake mzee.

Na chumba kilikuwa na wawili wanaoimba. Najua Nakhumicha alisikia, maana alishusha sauti kidogo kumpisha. Chuma kiko mezani, vibati vimetawanyika, hakuna moto, hakuna kanda. Hii siwezi kuipa sababu. Natafuta, sina.

Aya ya mama mzee ikaisha. Ndio mwisho. Nikachukua mkasi.

Nakhumicha hakuachia waya. Akasema, "Bado mmoja."

Nikajua anamtaka nani. Nikamweleza vizuri, bila hasira, na mimi huwa sielezi mtu mara mbili. Nusu ya ndani Wekulo aliiimba mwenyewe, akiwa hai. Yeye hayumo. Tukimtia huku juu, huku kunazidi, nusu hazilingani, msumeno unayumba. Jumapili sauti itachanika mbele ya watu wote, sauti yake mwenyewe itachanika, na Shitanda ataipeleka Gikomba kwa kilo, na nusu ya Wekulo humo ndani. Lakini tukikata hapa, sasa hivi, itakuwa safi. Naweza kuapa. Itakuwa safi kuliko yote niliyowahi kutengeneza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na yeye ataingia wapi?"

Nikasema ataingia kwa ile inayofuata. Tukisuka nyingine, tunaanza naye pande zote mbili.

Akaniangalia. Kiti changu, miguu yangu, goti lililofungwa kitambaa. Akasema, "Shemeji, nyingine ni ya nani?"

Mbali na kanisa hili, hakuna mtu ameleta valvu hapa tangu Pasaka. Yeye anajua. Wekulo alikuwa akimwambia.

Ameufunga waya kwa kibanio cha nguo, ametoka nje kunawa uso mferejini. Ndiyo naandika, kwa sababu sijui kufanya nini na mikono. Mkasi uko hapa. Nikikata kabla hajaingia, imekwisha, atanichukia, Jumapili itapita salama. Mimi ni fundi. Fundi anakata panapotakiwa.

Ile sauti nyingine imenyamaza. Tangu aliposema bado mmoja, imenyamaza kabisa. Nimeinama mpaka sikio likagusa bobini. Hakuna. Kama mtu aliyenyamaza akisikiliza watasema nini juu yake.

Mfereji umefungwa. Anarudi.

Ameingia. Hakuniuliza. Amekausha vidole na leso kimoja kimoja, ametoa kibanio, ameshika waya. Anavuta pumzi. Na mimi mkono wa kushoto uko juu ya hendeli, sijui niliuweka saa ngapi, na mkasi uko chini ya daftari. Ameanza kuimba, naweka kalamu nizungushe.